Mkate wa Bata

Kila Jumamosi asubuhi, tangu theluji inapoyeyuka mpaka majani yanapodondoka, Bogna alikuwa na kazi moja isiyobadilika. Mama yake alikwenda zamu hospitalini, Bibi Leokadia alikaanga mayai, na yeye alipewa mfuko wa kitambaa uliotundikwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na mkate mkavu wa wiki nzima.

"Kawape bata," Bibi alisema. "Uwamegee kidogo kidogo, usiwarushie kama mawe."

Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za mtaa wa Sadowa, mkate haukutupwa jalalani. Kipande kikianguka sakafuni kiliokotwa na kubusiwa. Bibi hakukata mkate mpya kabla ya kuugeuza na kuchora msalaba upande wa chini kwa ncha ya kisu. Bogna alikuwa na miaka kumi na mmoja, na maishani mwake hakuwahi kuona mkate ndani ya pipa la taka. Ungemwambia umemwona paka akifua nguo, angekuamini upesi zaidi.

Sasa, Bogna mwenyewe alikuwa mtoto wa kinyaa. Alinusa glasi kabla ya kunywa. Unywele mmoja kwenye supu ulimfukuza mezani. Na hakuna kitu kilichomchefua kama mfuko ule wa Jumamosi. Mikate iliyowekwa mle ikiwa bado na unyevu ilishikamana, ikaota ukungu wa kijani wenye manyoya, na ikatoa harufu ya soksi zilizosahaulika ndani ya buti. Ati amege vitu hivyo kwa vidole vyake! Thubutu. Alifika bustanini, penye bwawa la bata, akabana pua, akaenda nyuma ya matete mahali wasipopita watu, akapindua mfuko, akaukung'uta na kukimbia.

"Bata wana midomo," alijisemea. "Watajijua wenyewe."

Jambo la ajabu ni kwamba bwawa hilohilo alilipenda kuliko mahali popote mjini. Alikuwa mwanachama wa Klabu ya Bwawa, iliyoongozwa na Mwalimu Dobrawa, aliyewafundisha sayansi shuleni. Kila mwanzo wa Mei klabu iliandaa Siku ya Familia. Wazazi walikuja na nyavu ndogo na mabeseni, watoto wadogo walilala kifudifudi ukingoni, na viluwiluwi, konokono na mabuu ya kereng'ende yalichotwa, yakatazamwa kwa lenzi, kisha yakarudishwa majini. Mwaka huu Bogna alikuwa amechaguliwa kusimama kwenye beseni kubwa na kuwaeleza wageni kila kiumbe. Alifanya mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, mpaka Bibi akasema, "Basi jamani, hata mimi sasa nawajua konokono wote kwa majina yao ya ubatizo."

Lakini masika ya mwaka huu bwawa lilinuka.

Halikunuka tope la kawaida, ambalo ni harufu ya heshima. Lilinuka kitu kilichooza. Juu ya maji palitanda utando wa kijivu uliotoa mapovu, na kila povu likipasuka, harufu mpya ilipanda. Samaki wadogo walielea matumbo juu. Panya walikimbia ukingoni mchana kweupe, wanene, bila haraka, kama wenye nyumba.

Klabu ilipokutana baada ya Pasaka, Mwalimu Dobrawa hakufungua hata boksi la lenzi.

"Watoto, mkaguzi wa afya alikuja jana," alisema. "Anasema kuna kitu kinaozea humu na kinawalisha panya. Tusipokitafuta na kukiondoa kabla ya Siku ya Familia, bwawa litazungushiwa uzio. Halafu litajazwa udongo."

"Litajazwa udongo?" Bogna aliruka. "Na vyura wetu je?"

"Watahama, wakijaliwa."

Bogna alihisi machozi yanakuja, na kwa kuwa hakupenda kulia mbele za watu, aliona heri akasirike. Macho yake yakamwangukia Ziemek. Ziemek alikuwa mvulana mkimya wa darasa lao. Kila Jumapili baba yake na kaka zake walichoma soseji upande wa pili wa bwawa, na Jumatatu sweta lake lilinuka moshi.

"Mnauliza nini, na jibu limesimama hapa?" Bogna alisema kwa sauti kubwa. "Ni hawa wachoma soseji! Wanakula, wanatupa mafuta na mabaki majini. Ukoo mzima mchafu!"

"Mwongo wee!" Ziemek alisema, masikio yakimwiva. "Sisi taka zetu tunarudi nazo kwenye gari."

"Gari lenyewe linanuka!"

"Moshi! Moshi!" wengine wakaanza kuimba.

"Kimya!" Mwalimu Dobrawa alisema. "Hapa hatuhukumu kwa pua. Jumamosi ijayo kila mtu aje na buti za mpira na glavu. Tutakokota chini ya bwawa, tuone kilichomo."

Jumamosi hiyo Bogna aliwahi kufika. Mfuko ulikuwa mzito kuliko siku zote, kwa sababu Bibi alikuwa amesafisha kabati na kutoa masalio ya keki ya Pasaka, ile ya zabibu na maganda ya limau. Alikwenda nyuma ya matete, akabana pua na kukung'uta. Kisha akaukunja mfuko, akautia mfukoni mwa koti na kwenda kuvaa glavu, tayari kabisa kuwafichua wachafu. Nyani haoni kundule.

Ziemek naye alikuja, ingawa wengi walidhani atajificha nyumbani. Alikuja na reki ndefu ya baba yake, akaingia majini hadi magotini na kuanza kuvuta.

Walitoa chupa mbili na kandambili moja. Hapakuwa na mshikaki wala ngozi ya soseji. Kisha reki ya Ziemek ikazama mahali pazito. Aliinua, na kilichopanda nayo kilifanya watoto wote warudi nyuma. Lilikuwa bonge la kitu kama uji wa kijivu uliochacha, lenye nyuzi za ute zilizoning'inia na kukatika. Harufu yake iliingia mdomoni, ukaweza kuionja. Msichana mmoja alikimbilia kichakani akatapika.

Mwalimu Dobrawa aliinama, akaminya kipande kwa kidole cha glavu. Ndani yake palikuwa na ganda la kahawia.

"Mkate," alisema.

Walikokota tena, mkate. Wakasogea na kukokota, mkate. Chini yote ya bwawa ilikuwa imetandikwa mkate uliovimba na kuoza. Mwalimu alieleza kwamba mkate unapooza hunyonya hewa iliyo majini, na ndiyo maana samaki walikuwa wanakufa kwa kukosa pumzi.

"Mwalimu, njoo uone huku!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma ya matete.

Palikuwa na rundo. Juu yake walitimka panya watatu, na mmoja alikimbia na kitu mdomoni. Ukungu wa kijani, wa njano na mweusi ulikuwa umefunika kila kitu, isipokuwa pale juu kabisa, ambapo vipande vipya vya keki vilikuwa vimetawanyika. Bogna aliona zabibu, akaona na vipande vyembamba vya maganda ya limau, vilivyokatwa kama nyuzi, jinsi Bibi pekee alivyozoea kuvikata.

Jeremi, mcheshi wa darasa, alipaza sauti. "Si nilisema? Huo ni mkate wa kulia soseji!"

"Sisi soseji tunakula na viazi," Ziemek alijibu.

Watoto wakaangua kicheko. Na Bogna, aliyejua kila kitu wakati ule, Bogna aliyekuwa na mfuko mtupu mfukoni mwake, alicheka pia. Alicheka kwa nguvu ili asitazamwe. Ni aibu kulisema, lakini hata rundo lile la nyuma ya matete halikunuka kama kicheko hicho.

Nyumbani alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akasugua kucha kwa brashi. Harufu haikutoka. Wakati wa chakula cha jioni Bibi alimwekea kipande cha mkate na siagi. Bogna alitafuna, mate yakamjaa mdomoni, akakitema kwenye kiganja.

"Unatema mkate?" Bibi alisema, kijiko kikabaki hewani.

"Bibi, ni sisi. Bwawa tumeliozesha sisi."

Alieleza yote huku akitazama kitambaa cha meza. Bibi alisikiliza, midomo ikizidi kukazana.

"Mtoto wee, unajua unalosema?" alisema mwishowe. "Mama yangu wakati wa vita alichemsha maganda ya viazi. Mkate waliopewa ulichanganywa na vumbi la mbao, na hata huo walilia walipoumaliza. Leo unataka niutupe mkate jalalani, pamoja na nywele za kitana na takataka za chooni?"

"Sijasema hivyo, Bibi. Twende ukaone tu."

"Mimi bata nimewalisha kabla mama yako hajazaliwa."

"Twende, Bibi. Nakuomba."

Jua lilikuwa bado halijazama. Bibi alivaa koti na kilemba chake, akatembea mbele kwa hasira mpaka harufu ilipomsimamisha njiani. Alitoa leso, akaziba pua na kumfuata Bogna nyuma ya matete.

Panya mmoja alikuwa ameketi juu ya rundo. Alishika kipande cha keki kwa mikono miwili na kukila taratibu, zabibu kwa zabibu, wala hakujisumbua kukimbia. Bibi alimtazama. Akatazama chini yake, akatambua mkate wa kusuka wa jirani yao Genowefa, akatambua maandazi ya duka la kona, mikate ya ghorofa yote, imeshikana na kutoa usaha. Aligeuka, akatema mate mara kadhaa, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Yesu na Maria," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuwa nikilisha panya kwa jina la Mungu."

"Si wewe, Bibi. Wewe uliniambia niwamegee kidogo kidogo. Mimi niliona kinyaa, nikawa namwaga hapa."

"Hata kidogo kidogo, mtaa mzima ukimega, kinakwenda wapi? Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tumejaza bwawa." Alipangusa mdomo. "Mwalimu wako anajua?"

"Hajui. Wote wanamcheka Ziemek."

"Na wewe?"

"Nilicheka," Bogna alisema.

Bibi hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alimtazama kwa jicho lilelile alilomtazamia panya.

"Harufu hii ya bwawa nitakusaidia kuifagia," alisema. "Ile yako utaifagia mwenyewe."

Jumatatu, klabu ilipokutana darasani, Bogna alisimama kabla hajaitwa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, lakini yalimkimbia yote.

"Ile keki ya nyuma ya matete ni ya kwetu," alisema. "Niliimwaga mimi Jumamosi asubuhi. Na wiki zilizopita pia. Ziemek hakufanya kitu. Nilimsingizia, na Jumamosi ileile nilipojua ukweli nilicheka pamoja nanyi. Ziemek, nisamehe."

Darasa lilivuma.

"Kumbe malkia wa kinyaa ndiye jalala lenyewe!" Jeremi alisema.

"Jeremi," Mwalimu Dobrawa alimkatiza, "kwenu mkate mkavu mnaweka wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Na mfuko unakwenda wapi?"

"Kwa bata," Jeremi alisema.

"Nani kati yenu ana mfuko kama huo nyumbani?" Mwalimu aliuliza. "Inueni mikono."

Mkono mmoja ulipanda, kisha mwingine, mpaka darasa zima likawa mikono juu. Mwalimu Dobrawa alitazama dirishani kidogo, akapumua kwa nguvu, akainua na wake. Mikono ya Ziemek tu ndiyo iliyobaki mezani.

"Kwetu tuko ndugu watano," alisema akiinua mabega. "Mkate haufiki jioni."

Safari hii walicheka, na Ziemek alicheka nao. Wakati wa kutoka alimsimamisha Bogna mlangoni.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila ndoo za tope utabeba wewe. Zile za katikati, penye kina."

"Zote?"

"Zote. Na usibane pua."

Alizibeba. Wiki ile yote, baada ya masomo, Bogna aliingia bwawani na buti za mpira, akachota uozo ule, ukamrukia shavuni, ukamwingia kwenye mikono ya koti. Mara mbili alitapika, akapangusa mdomo na kurudi. Ziemek alikokota, yeye akabeba, na wengine walisukuma toroli hadi kwenye gari la taka. Bibi naye hakukaa. Alipanda ngazi za ghorofa na kugonga mlango baada ya mlango, akawaeleza majirani alichokiona. Wengine walimsikiliza, wengine walimfungia mlango usoni, mmoja alimwita mpagani.

Mkaguzi aliporudi, utando ulikuwa umeondoka na rundo halikuwapo. Panya huwa hawakai pasipo na karamu. Mkaguzi alizunguka bwawa, akanusa, akainamia maji akaona viluwiluwi vinatingisha mikia, akamwambia Mwalimu Dobrawa kwamba uzio hautahitajika.

Siku ya Familia ikafika. Watoto wadogo walilala kifudifudi ukingoni wakipigana vikumbo na nyavu. Bogna alisimama kwenye beseni kubwa, koo limekauka kwa kueleza. Kando yake, Bibi Leokadia alikoroga sufuria kubwa ya supu ya kitunguu saumu iliyotiwa mayai na vipande vya mkate mkavu vilivyokaangwa kwa siagi, na baba yake Ziemek alichoma soseji. Foleni ya sufuria ilikuwa ndefu kuliko ya soseji, na Bibi alilitaja hilo kila alipopata nafasi.

Ndipo alipotokea Bi Genowefa na mfuko wake wa kitambaa. Alikuwa mmoja wa wale waliofunga mlango. Alikwenda moja kwa moja ukingoni, akatia mkono mfukoni.

"Genowefa, ngoja," Bibi aliita, akaacha mwiko. "Ni mkavu au umeota ukungu?"

"Una ukungu kidogo tu. Bata hawachagui."

"Ungekuwa mkavu ningeutia kwenye sufuria. Ukungu haufai kwa mtu wala kwa bata. Utie kwenye pipa lile."

Wazee wote waliokuwa karibu waligeuka.

"Pipani?" Bi Genowefa alisema, amepauka. "Mkate? Leokadia, mama yako angekusikia!"

Bibi alinyoosha mkono. Bi Genowefa alisita, kisha akampa mfuko. Bibi alitembea nao hadi kwenye pipa la taka, mbele ya watu wote, akafunua kifuniko. Kisha bibi huyo, ambaye miaka yake yote alikuwa akibusu makombo ya sakafuni, alipindua mfuko na kuumwaga mkate jalalani.

Alibaki ameshika kifuniko, machozi yakimtiririka.

"Mama yangu angelia," alisema. "Na mimi nalia. Lakini heri nilie hapa nikijua nimeacha mkate uoze, kuliko kuuficha majini na kwenda nyumbani nikitabasamu. Mkate unaheshimiwa ukiliwa, Genowefa. Tununue kiasi, tule wote. Tukishindwa, basi tuione aibu yetu kwa macho yetu."

Bi Genowefa alikunja mfuko wake mtupu, akaukunja tena, akauliza kwa sauti ya chini kama supu bado ipo.

Bibi alirudi akapangusa uso kwa aproni. Bogna na Ziemek walikuwa wamesimama kando ya beseni, wakimtazama.

"Mnanitazama nini?" Bibi alisema. "Sikilizeni. Kuona kinyaa si kosa, wajukuu zangu. Kinyaa kinakwambia hapa pana uchafu. Ila hakikwambii ni uchafu wa nani, na ukitaka kujua, anza kuuliza nyumbani kwako kabla hujanyoosha kidole kwa mwenzio. Ukiukuta ni wako, sema, halafu chukua ndoo. Haya, mpishe huyo mtoto aone konokono."